Chokaa Moyoni: Niliyojifunza kwa Mavyaa Wangu



Leo naweka mkasi pembeni. Siandiki juu ya lesi, mikato wala rangi za msimu. Nataka niwaeleze jambo ambalo nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni fumbo: moyo wa mtu kuingia chokaa. Sisi watu wa pwani tukisema fulani ana moyo wa jiwe tunakusudia tabia yake. Mavyaa wangu, Allah amrehemu, alikuwa na moyo laini kuliko watu wote niliowahi kukaa nao. Na bado, ndani ya kifua chake, nyama ya moyo ilikuwa inakakamaa kidogo kidogo kwa kalsiamu.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa bara. Naishi Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Nina duka la vitambaa na vyerehani vitatu, na mume wangu ananunua na kuuza mpunga. Nawashonea mabibi harusi wa hapa na wa vijiji vya jirani, na wengine hunitumia vipimo vyao kwa simu kutoka visiwani. Kwa hiyo nayaandika haya kama fundi na kama mke wa mtu, si kama daktari. Lakini miaka mitatu ya kumuuguza mavyaa imenikalisha na madaktari na wauguzi wengi, na nilichokielewa sitaki kife na mimi.

Ilivyoanza

Mavyaa alikuwa na presha ya siku nyingi. Kama wazee wengi wa rika lake, alimeza dawa kichwa kikimuuma, kikitulia anazirudisha kabatini. Presha haina maumivu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inakaa na mtu miaka ishirini kama mgeni mpole, huku inakwangua figo, macho na moyo.

Alipoanza kuamka uso umevimba na miguu imejaa, tulimpeleka kupimwa. Figo zilikuwa zimebakiwa na nguvu kidogo mno. Kijijini hakuna mashine ya kusafisha damu, basi akahamia Dar es Salaam kwa wifi yangu mkubwa. Mimi nikawa nakwenda na kurudi: mwezi dukani, wiki mbili tatu kwa mavyaa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye kitanda cha mashine, saa nne kila safari, damu inatoka, inasafishwa, inarudi mwilini.

Mwaka wa kwanza alikwenda vizuri. Mwaka wa pili pumzi ikaanza kumpungukia. Kutoka sebuleni hadi jikoni lazima apumzike katikati. Usiku hawezi kulala chali, anataka mito mitatu. Mapigo ya moyo yanaruka. Kwenye mashine presha inashuka ghafla mpaka wauguzi wanakimbia. Akafanyiwa eko, ile picha ya moyo, kisha skani. Daktari akatuonyesha sehemu nyeupe zinazong'aa kwenye skani, nyeupe kama mfupa. Chokaa ilikuwa kwenye vali, kwenye mishipa ya moyo, na sehemu nyingine kwenye nyama yenyewe ya moyo upande wa kushoto.

Kila mtu na lake

Siku ile nyumbani ukafanyika mkutano usioitishwa. Mmoja alisema ni maziwa, maana mavyaa alipenda chai ya maziwa. Mwingine akasema ni maji ya kisima, akatolea mfano birika letu la Sibwesa lililoota ukoko mweupe ndani. Mwingine akasema dagaa. Na mmoja akanong'ona kwamba hilo ni jiwe alilotupiwa, kuna jicho la mtu.

Dada zangu, sisi tunaamini kuwa jicho lipo, na mavyaa tulimsomea. Lakini mtu akishaamini kuwa kila kitu ni jicho, haulizi tena swali la pili. Wifi yangu aliliuliza. Alirudi kwa daktari akamwambia, "Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne." Na yule daktari, Allah amlipe kheri, akaeleza.

Kalsiamu si adui. Kila pigo la moyo linaihitaji. Inaingia kwenye chembe za nyama, nyama inajikaza, inatoka, nyama inalegea. Inaingia, inatoka, kutwa kucha. Tatizo ni pale inapoingia na kubaki.

Figo nzima zina kazi nyingi zaidi ya kutengeneza mkojo. Zinatoa madini ya fosforasi yaliyozidi, nayo tunayapata kwenye nyama, samaki, maziwa na maharage. Pia zinaiandaa vitamini D ili mwili uweze kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula. Figo zikifa, fosforasi inajaa kwenye damu na kalsiamu inapungua. Shingoni tuna tezi nne ndogo sana ambazo kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Zikiona imepungua zinapiga kelele, na mwili unaanza kuibomoa mifupa ili kuipata. Basi mifupa inadhoofika, na kalsiamu na fosforasi zinakutana kwenye damu zikiwa nyingi. Zinashikana na kutuama pasipostahili: kwenye kuta za mishipa, kwenye vali, na kwa baadhi ya wagonjwa kwenye nyama ya moyo.

Kwa hiyo chokaa ya mavyaa haikutoka kwenye birika. Kwa sehemu ilitoka kwenye mifupa yake mwenyewe.

Nikamuuliza, ikishakaa moyoni inafanya nini? Nikajijibu kifundi kabla hajanijibu. Chukua sketi yenye mpira kiunoni. Mpira mzima unavutika na kurudi. Sasa bandika juu yake kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola. Hauvutiki tena. Moyo ndivyo hivyo. Kabla ya kusukuma damu lazima ulegee ili ujae. Ukikakamaa haujai vizuri, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na mtu anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Na njia za umeme zinazouambia moyo piga sasa, chokaa ikizipitia, mapigo yanavurugika.

Si figo peke yake

Niliwasikia wagonjwa wengine wodini na hadithi zao, na nikaelewa kuwa chokaa ya moyo ina milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ule wa mavyaa, madini kuzidi kwenye damu. Mlango wa pili ni nyama iliyokufa au kuungua ndani kwa ndani. Mtu akipata shambulio la moyo, ile sehemu iliyokosa damu inakuwa kovu, na kovu la miaka linaweza kuota chokaa. Mtu akiugua sana, vijidudu vikaingia kwenye damu mpaka akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nyama ya moyo inaweza kujeruhiwa na kalsiamu ikabaki pale ilipojeruhiwa, hata kama vipimo vya damu vinaonyesha kalsiamu ya kawaida. Na kifua kikuu, ugonjwa tunaoujua sana Afrika Mashariki, kinaweza kuingia kwenye ule mfuko unaoufunika moyo. Kisipotibiwa mapema, mfuko unakuwa mgumu, wakati mwingine na chokaa juu yake, unaubana moyo kama ganda. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili si cha kutibiwa kwa tangawizi peke yake.

Mlango uliofungwa

Mume wangu alitaka kumpa mama yake figo. Hakuna aliyemwomba. Alirudi kutoka shambani siku moja akaniambia tu, "Nimeamua." Nilimtazama, nikawaza watoto, nikawaza mpunga, nikasema inshallah.

Siku hizi upandikizaji wa figo unafanyika hapa hapa Tanzania. Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hatukuhitaji kuwaza India. Lakini kabla ya figo, wanaupima moyo. Moyo wa mavyaa ulikuwa umekakamaa kiasi kwamba madaktari walisema hautastahimili operesheni. Figo ipo, mtoto yuko tayari, na moyo ndio uliofunga mlango. Mume wangu alitoka nje akakaa kwenye gari muda mrefu.

Na dawa ya kuiyeyusha chokaa iliyokwisha kaa moyoni haipo. Mtu asikuuzieni maji ya kusafisha mishipa. Kinachofanyika ni kuizuia isiongezeke: kusafisha damu bila kuruka siku, kuishika presha, kupima damu mara kwa mara, na kumeza vile vidonge vinavyonasa fosforasi tumboni. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula. Ukivimeza saa mbili baada ya kula, havikuti cha kunasa.

Chakula na funga

Mtaalamu wa lishe hakumnyima mavyaa kila kitu. Anayesafishwa damu anahitaji protini, akinyimwa ananyong'onyea. Alichomwambia ni hiki: dagaa wakavu unaowala na mifupa yao wana fosforasi nyingi, basi wawe wachache, samaki mbichi au kipande cha kuku ni bora. Maziwa kwa kipimo. Soda nyeusi, soseji na vyakula vya kopo vilivyotiwa madini kiwandani ndivyo vya kuachwa, kwa sababu fosforasi ya kiwandani inaingia mwilini karibu yote, kuliko ile ya maharage. Kila mgonjwa na vipimo vyake, kwa hiyo msichukue orodha ya mavyaa mkampa mama yenu. Muulizeni mtaalamu wake.

Kilichomuuma zaidi ni Ramadhani. Alifunga tangu utotoni, na sasa daktari anamkataza. Alilia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Ustadhi alikuja akakaa naye barazani, akamweleza kuwa ugonjwa usiotarajiwa kupona umewekewa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, na kwamba ruhusa ya Allah nayo ni ibada kuipokea. Tulimletea mchele wa Sibwesa, wa shamba lake mwenyewe. Kila jioni kabla ya adhana ya Magharibi alikipima kibaba kwa mkono wake, akakisawazisha juu kwa kidole. Siku za mashine mkono unatetemeka, na bado hakukubali mtu ampimie.

Baibui la siku za mashine

Hapa naingia kwenye kazi yangu, na ninaomba mafundi wenzangu mnisikilize.

Anayesafishwa damu hutengenezewa mshipa mkononi, unaunganishwa na mwingine ili uwe mkubwa wa kuchomwa sindano. Wanauita fistula, lakini si ile fistula ya uzazi mnayoijua. Mkono huo haubanwi, haupimwi presha, hauvai saa wala bangili za kubana. Mavyaa alikuwa anavuliwa nusu ya nguo mbele ya watu kila safari, ili sindano zipate njia. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyejisitiri maisha yake yote. Hakulalamika, lakini alikuwa anageuzia uso ukutani.

Nikamshonea baibui. Kitambaa cha pamba nyepesi, mkono wa kushoto mpana, mshono wa chini umeachwa wazi kutoka kifundo hadi juu ya kiwiko, nikatia vishikizo vya kubonyeza kila baada ya vidole vinne, na kipande cha kitambaa kwa ndani ili vyuma visiguse ngozi. Usitie mpira kwenye kifundo cha mkono huo. Muuguzi anafungua vishikizo vitatu tu, mkono unatoka, mwili wote umebaki umesitirika. Nilishona mawili. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimeshona kumi na moja, kwa wanawake waliokuwa wanalala vitanda vya jirani. Kitambaa cha baibui moja si ghali. Kama una mtu wako Mnazi Mmoja au popote anakosafishwa damu, mshonee.

Mjukuu wake, binti wa wifi, alikuwa na harusi iliyopangwa Sibwesa. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesema nikaha ifungwe Dar es Salaam, sebuleni, ili bibi yake awepo. Mavyaa alikaa kwenye kiti chenye mito, amevaa lile baibui, akamshika mwali mkono kwa mkono wake wa kulia. Wiki tano baadaye moyo ulisimama usingizini. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun.

Sasa nyinyi mnaoolewa

Mtasema, hayo ni maradhi ya wazee, sisi yanatuhusu nini. Yanawahusu. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari wa Marekani juu ya wagonjwa 39 wa figo waliokuwa wakisafishwa damu, wa umri wa miaka 7 hadi 30. Waliokuwa chini ya miaka 20, hakuna hata mmoja aliyeonekana na chokaa kwenye mishipa ya moyo. Wa miaka 20 hadi 30 walikuwa 16, na 14 kati yao walikuwa nayo. Huo ni umri wa mabibi harusi wangu. Figo zikifa, chokaa haisubiri uzeeke.

Na figo zinaharibikaje kwa msichana? Njia ni nyingi, lakini kuna mbili zinazopita mlangoni kwangu kila msimu wa harusi.

Ya kwanza ni mkorogo. Mwali anataka uso ung'ae ndani ya wiki tatu, anapakwa krimu isiyo na jina wala kiwanda. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi, inakwenda moja kwa moja kwenye figo, na figo zinaanza kuvujisha protini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza juu ya wagonjwa waliovimba mwili kwa figo kuvuja, na wengi wao walikuwa wanawake waliotumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Wako walioacha krimu wakapata nafuu. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita, hapo jirani tu, na krimu bado zinauzwa.

Ya pili ni dawa za kupunguza mwili. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliripoti wanawake vijana waliofeli figo baada ya kutumia dawa za mitishamba za kupunguza unene. Mti shamba ni mti shamba, lakini figo haijui kuwa ni wa asili. Gauni likikubana niletee, nitalipanua. Figo sina namna ya kuipanua.

Na ukishaolewa ukabeba mimba, usiruke kliniki. Ukipata presha ya mimba au kifafa cha mimba, usidhani yamekwisha ukishajifungua. Aliyepitia hayo yuko kwenye hatari zaidi ya presha na maradhi ya figo na moyo miaka ya mbele, basi aendelee kupimwa.

Siku hizi dukani kwangu, pembeni ya futi, kuna mashine ndogo ya presha. Kila anayekuja kupimwa gauni anakaa kwanza dakika tano, anakunywa maji, nampima mkono. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi tunarudia siku nyingine, na ikibaki hivyo namwambia aende zahanati, akapimwe na mkojo kama una protini. Kipimo cha mkojo ni kijikaratasi tu, na hakifiki bei ya shela. Mama zao wanaowasindikiza nao nawapima, hata wakicheka. Mwezi uliopita aliyekutwa na presha hakuwa mwali, alikuwa mama wa mwali, na hakuwa na dalili yoyote.

Kama mzazi wako ameshaambiwa ana figo, uliza maswali haya: fosforasi yake ni kiasi gani, kalsiamu ni kiasi gani, zile tezi za shingoni zinasemaje, na moyo wake umepigwa eko lini. Kwa maradhi ya moyo, bara tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, tangu 2015. Ulizeni mapema, wakati milango bado iko wazi.

Allah awape afya wagonjwa wetu, awasamehe waliotangulia, na awajaalie mabibi harusi wetu nyumba zenye mapenzi na rehema. Aliye na mgonjwa na anataka vipimo vya lile baibui, aniulize. Nitamchorea bure.

Wabillahi tawfiq.